Bakshishi safarini: Shukrani ya abiria au mshahara wa mwajiri?

WASAFIRI wa Afrika Mashariki waendao Marekani walifunguliwa njia mpya Oktoba 28, 2018, siku ambayo Shirika la Ndege la Kenya lilianza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Wamo wafanyabiashara, wanafunzi na wajumbe wa mikutano ya Umoja wa Mataifa. Wamo pia marubani na wahudumu wa ndege, ambao kwao jiji hilo ni mahali pa kulala tu kabla ya kugeuza safari. Kwa wote hao, mtihani wa kwanza mara nyingi hauletwi na baridi wala na maofisa wa uhamiaji. Huletwa na dereva wa basi dogo la hoteli ambaye, baada ya kushusha mabegi, husimama sekunde chache zaidi ya zile zinazohitajika.

Dereva huyo anasubiri bakshishi. Mgeni asiyejua desturi humshukuru kwa maneno, kisha huingia ndani akiamini kwamba ametimiza uungwana. Mwenyeji naye huondoka akiamini kwamba amekutana na bahili. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini wote wawili wameachana na kinyongo.

Mijadala mingi kuhusu suala hili huishia kwenye kiasi: je, ni dola moja au mbili, asilimia 15 au 20? Swali hilo lina umuhimu wake na litajibiwa hapa chini, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: mtu huyu analipwa na nani, na kiasi gani, kabla mkono wangu haujaingia mfukoni? Atakayelijua jibu lake ataelewa kwa nini New York asiyetoa huonekana dhalimu, na kwa nini Tokyo anayetoa hurudishiwa fedha zake. Ataelewa pia kwa nini mhudumu wa ndege, ambaye hutoa bakshishi kila ashukapo, yeye mwenyewe kwa kawaida hapewi akiwa angani.

Mshahara uliosimama tangu 1991

Sheria ya shirikisho ya Marekani imeweka kima cha chini cha mshahara kuwa dola 7.25 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 2009. Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango wa pembeni. Mwajiri wa mtu ambaye kwa desturi hupokea zaidi ya dola 30 za bakshishi kwa mwezi anaruhusiwa kumlipa dola 2.13 tu kwa saa, ilimradi bakshishi zifidie kiasi kilichobaki. Zisipofika, mwajiri anatakiwa kujazia. Kiwango hicho cha dola 2.13 kimesimama hapo tangu 1991. Majimbo mengi yameweka viwango vya juu zaidi, na majimbo saba, yakiwamo California, Nevada na Washington, yamekataa kabisa mpango huo. Huko mhudumu hulipwa kima kamili kabla ya bakshishi.

Maana yake ni kwamba, katika sehemu kubwa ya nchi hiyo, mlaji hajamaliza kulipia chakula chake anapolipa bei iliyoandikwa kwenye orodha ya vyakula. Sehemu ya mshahara wa aliyemhudumia imeachwa nje ya bei hiyo ili yeye aikamilishe. Kwa hiyo asilimia 15 hadi 20 ya bili, ambayo mgeni huiona kuwa ukarimu wa kupindukia, kwa wenyeji ni deni lisiloandikwa.

Julai 4, 2025, Rais Donald Trump alitia saini sheria inayowaruhusu wapokeaji wa bakshishi kuondoa hadi dola 25,000 kwa mwaka katika mapato yao yanayotozwa kodi ya mapato ya shirikisho, kwa miaka ya kodi ya 2025 hadi 2028. Wako walioishangilia, na si vigumu kuelewa sababu. Hata hivyo, sheria hiyo haikuzigusa zile dola 2.13. Serikali ilitoa nafuu yake, mwajiri hakuongezewa wajibu, na mteja akaachiwa mzigo ule ule. Na mzigo wenyewe unakua: katika utafiti wa taasisi ya Pew uliotolewa mwaka 2023, asilimia 72 ya Wamarekani watu wazima walisema kwamba bakshishi inatarajiwa mahali pengi zaidi kuliko miaka mitano iliyotangulia.

Somo la wapagazi wa Pullman

Desturi hii ina historia, na historia yake imepita kwenye usafiri. Miaka michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, George Pullman wa Chicago alianzisha kampuni ya mabehewa ya kulala ya reli. Aliwaajiri wanaume weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani muda mfupi uliopita, ili watandike vitanda, wapige viatu rangi na wabebe mizigo. Abiria waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake.

Mwaka 1915, tume ya serikali iliyochunguza mahusiano ya viwandani ilielezwa kwamba mpagazi wa Pullman alilipwa dola 27.50 kwa mwezi, na kwamba kilichobaki kilitazamiwa kutoka mifukoni mwa abiria. Hapa ndipo penye kiini cha suala letu. Kampuni iligundua kwamba tabasamu la mpagazi lingeweza kugharamiwa na mteja, na kwamba mpagazi anayetegemea hisani ya mteja hawezi kumjibu hata anapotukanwa.

Wapagazi wenyewe walilitambua hilo. Mwaka 1925 waliunda chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph, wakadai mshahara wa kumtosha mtu bila kuomba. Iliwachukua miaka 12. Mkataba wao na kampuni ulitiwa saini Agosti 1937, na pamoja na nyongeza ya mishahara ulipunguza saa za kazi kutoka takriban 400 hadi 240 kwa mwezi. Hawakupambana ili abiria wawe wakarimu zaidi. Walipambana ili ukarimu wa abiria usiwe ndio chakula cha watoto wao.

Angani si mkahawani

Kazi ya mhudumu wa ndege ilianza kwa njia nyingine. Wa kwanza miongoni mwa wanawake katika kazi hiyo, Ellen Church, alipanda ndege ya Boeing Air Transport Mei 1930 akiwa muuguzi aliyesajiliwa, na wenzake wa mwanzo walikuwa wauguzi pia. Chai na mkate vilikuwapo, lakini msingi wa kazi ulikuwa maisha ya abiria. Hadi leo ndege kubwa ya abiria haipewi cheti mpaka idhihirike kwamba watu wote wanaweza kutolewa ndani kwa sekunde 90 wakati nusu ya milango haitumiki. Anayeongoza zoezi hilo ni yule yule aliyekuuliza kama unataka kuku au samaki.

Mtu wa namna hiyo hapaswi kuwa na sababu ya kumkumbuka abiria wa kiti kimoja kuliko wa kiti kingine. Ndiyo maana mashirika mengi ya ndege yanawazuia au yanawakatisha tamaa wahudumu kupokea fedha. Shirika la Frontier la Marekani lilipita njia yake: mwaka 2016 liliweka kwenye mashine za malipo ya vinywaji nafasi ya kuongeza bakshishi, na kuanzia Januari 2019 kila mhudumu akawa anabaki na aliyopewa yeye. Chama cha wahudumu wa ndege cha AFA kiliupinga mpango huo, kikisema kwamba jambo linalotakiwa ni mkataba wenye malipo ya haki.

Isidhaniwe kwamba wahudumu hao wanakataa kwa kuwa wameshiba. Katika mashirika mengi ya Amerika Kaskazini, saa ya malipo ilikuwa haianzi mpaka mlango wa ndege ufungwe. Kazi ya kupokea abiria na kupanga mizigo haikulipwa. Delta ilianza kulipa sehemu ya muda huo mwaka 2022. Nchini Kanada, wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma Agosti 16, 2025 kwa sababu hiyo hiyo, na makubaliano ya awali yakafikiwa siku tatu baadaye. Hawakuweka kibakuli mlangoni mwa ndege. Walimdai mwajiri.

Kwa abiria, adabu inayofuata hapo ni nyepesi. Usimpe mhudumu wa ndege fedha. Ukitaka kushukuru, pakiti ya chokoleti iliyofungwa, iliyokabidhiwa kwa timu nzima wakati wa kuingia, hupokewa kwa furaha. Barua kwa shirika, yenye namba ya safari, tarehe na jina la mhudumu, ina thamani kubwa zaidi, kwa kuwa huingia kwenye kumbukumbu zake za kazi.

Dola mbili zilizopotea Boston

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi bakshishi inavyoweza kuyeyuka kabla ya kufika mkononi mwa mlengwa. Kwenye viwanja vya ndege vya Marekani wapo wachukuzi wanaopokea mabegi ya abiria nje, kando ya barabara. Kwa miaka mingi waliishi kwa bakshishi. Katikati ya miaka ya 2000, American Airlines ilianza kutoza dola 2 kwa kila begi lililopokewa hapo, na fedha hizo hazikuwa za wachukuzi. Abiria wengi walidhani kwamba ndiyo bakshishi yenyewe, wakaacha kuongeza kitu.

Wachukuzi wa Boston walikwenda mahakamani kwa kutumia sheria ya bakshishi ya jimbo la Massachusetts. Mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama liliwapa ushindi wa zaidi ya dola 325,000. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliutengua ushindi huo, ikisema kwamba sheria ya shirikisho iliyoondoa udhibiti wa biashara ya ndege inazuia majimbo kuingilia bei na huduma za mashirika hayo.

Uingereza imechukua njia iliyo kinyume. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 2023 na kuanza kutumika Oktoba 1, 2024, mwajiri katika England, Scotland na Wales anatakiwa kuwafikishia wafanyakazi bakshishi yote bila makato yake, na kuigawa kwa haki. Sheria hiyo haimlazimishi mteja kutoa. Inamhakikishia tu kwamba alichotoa hakitaishia kwa asiyehusika, na hilo ni jambo ambalo mtoaji yeyote ana haki ya kulijua.

Mkono upi, kiasi gani

Sasa turudi kwa wale wanaosafiri kila mara, hasa wafanyakazi wa ndege. Wao hawana kisingizio cha ugeni. Hoteli ni ile ile kila wiki, dereva ni yule yule, na sare waliyovaa imebeba jina la shirika na mara nyingi la nchi. Posho yao ya safari kwa kawaida imekusudiwa chakula na matumizi madogo, hivyo kila dola wanayotoa ni ya kwao. Lakini pale desturi inapokuwa sehemu ya ujira, kukwepa si kubana matumizi. Ni kumwachia mwingine gharama.

Kwa dereva wa basi la hoteli nchini Marekani, desturi ni dola moja au mbili kwa kila mtu, hasa akibeba mabegi. Ni vyema timu ikusanye na mmoja akabidhi, ili rubani na mhudumu mgeni kazini wasionekane tofauti. Mchukuzi wa hotelini hupewa dola moja au mbili kwa begi. Anayesukuma kiti cha magurudumu kutoka mlangoni hadi kwenye ndege, mara nyingi mwajiriwa wa kampuni ya kandarasi, asisahauliwe. Wazee wetu wanaokwenda kuwatembelea watoto wao ughaibuni humtegemea sana, na mara nyingi hawajui kwamba naye anatazamia kitu.

Anayesahauliwa kuliko wote ni msafishaji wa vyumba. Mhudumu wa meza hupewa kwa sababu anaonekana. Msafishaji huingia wewe ukiwa umetoka, na hutoka kabla hujarudi. Kwake desturi ni dola moja hadi tano kwa kila usiku, na ziachwe kila asubuhi badala ya siku ya kuondoka, kwa sababu anayesafisha leo huenda si yule wa kesho. Ziwekwe mahali pa wazi pamoja na karatasi yenye neno la shukrani, maana fedha iliyoachwa mezani bila maelezo mfanyakazi mwaminifu hataigusa.

Kabla ya kuongeza asilimia yoyote mkahawani, soma bili hadi mwisho. Huenda malipo ya huduma yamekwisha kuwekwa, hasa kwa kundi kubwa. Ufaransa, huduma imo ndani ya bei, na sarafu chache zinatosha kwa anayependa. Japani, ada ni kutotoa. Huduma njema huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi, na fedha ya ziada humtia mhudumu mashakani. Tena usimwachie mtu sarafu za chuma za nchi nyingine, kwani benki na maduka ya fedha kwa kawaida hayazibadilishi. Hiyo huwa zawadi kwa mtoaji, aliyepunguza uzito wa mfuko wake.

Nyumbani: Bakshishi na mlungula

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya Wamarekani. La hasha. Mlima Kilimanjaro una simulizi inayofanana mno na ile ya Pullman. Mpagazi huruhusiwa kubeba mzigo usiozidi kilo 20, hulala kwenye baridi, na kwa wengi wao bakshishi ya mwisho wa safari ni sehemu kubwa ya pato. Kampuni nyingi humweleza mgeni mapema kiasi cha kuandaa, kama kwamba ni sehemu ya bei. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa mlima huo, KPAP, ulioanza mwaka 2003, umekuwa ukihimiza malipo ya haki na ugawaji wa bakshishi ulio wazi, ili kila mpagazi ajue alichotengewa. Ushauri huo una sababu: fedha iliyokabidhiwa kwa mtu mmoja awagawie wenzake 15 hupita kwenye vidole vingi.

Ipo pia hatari ambayo Mmarekani haifikirii sana. Katika lugha yetu "chai" na "kitu kidogo" vimekwisha kuwa majina ya rushwa. Tanzania iliwahi kujaribu kuchora mstari kati ya ukarimu na hongo ikashindwa: marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima ya wagombea kwa wapiga kura, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba.

Kwa msafiri, mstari huo si mgumu kuuona. Bakshishi hutolewa baada ya huduma, kwa mtu asiye na mamlaka ya kukunyima haki yako. Mlungula hutolewa kabla, au kwa hofu, kwa mtu mwenye mamlaka hayo. Mchukuzi wa mizigo uwanjani anaweza kupewa asante. Ofisa wa uhamiaji, wa forodha au mkaguzi wa usalama hapewi, hata awe mcheshi kiasi gani, hata aseme kwamba jua ni kali. Msafiri wa mara kwa mara anayelegeza msimamo wake hapo humwekea bei kila atakayefuata nyuma yake.

Aidha, wageni na wafanyakazi wa ndege wanaofika kwetu watoe kwa shilingi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutoza na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na noti ya dola moja iliyochakaa humpa mhudumu usumbufu kuliko faida. Anayetuma kwa simu ahakikishe kwamba jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ni la aliyemhudumia, si la mwenye duka.

Kutoa na kudai

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini walisema pia kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hizo mbili hazigombani endapo mshahara umelipwa kwanza. Ujira unapotosha, bakshishi hubaki kuwa kazi ya moyo: anayetoa hufurahi, na asiyetoa hamnyimi mtu chakula. Ujira usipotosha, moyo wa abiria hugeuzwa kuwa sanduku la malipo la kampuni.

Afrika Mashariki inapanua utalii wake, na hoteli, viwanja vya ndege na kampuni za mlimani zinaajiri vijana kila msimu. Sheria zinazotenganisha bakshishi na kima cha chini cha mshahara, na zinazomlazimu mwajiri kuifikisha yote kwa mlengwa, ni rahisi kuzitunga sasa kuliko baada ya desturi mbaya kuota mizizi. Marekani imeacha dola 2.13 zisimame kwa zaidi ya miaka 30, na kuziondoa kumekuwa vita katika kila jimbo.

Mpaka hapo sheria zitakapokaa sawa, msafiri asimwadhibu dereva kwa makosa ya mwajiri wake. Atoe panapostahili, asitoe pasipostahili, na vyama vya wafanyakazi viendelee kudai mikataba ya hali bora ambayo itaifanya bakshishi kuwa asante tu. Dereva anayesimama kando ya mabegi hakuutunga mfumo huu.